Mbio Zinazoishia Mlangoni pa Hospitali: Vidokezo 12 kwa Wanaokimbilia Kanseri Mjini Bukavu

Bukavu haihitaji kufundishwa kukimbia. Siku za mapumziko, kabla jua halijachomoza upande wa Rwanda, vikundi vya futingi vimeshashika barabara: vijana wa karate, wanafunzi, hata akina papa wenye vitambi waliokwisha kuonywa na daktari, wote wanapanda na kushuka kwa nyimbo na makofi. Mji wenyewe umekaa juu ya vilima na rasi tano zinazoingia ziwani, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukiweza kupanda Kadutu bila kusimama, mbio nyingine utazimudu.

Kazi iko kwenye ujumbe. Kikundi kikiamua kukimbia kwa ajili ya kanseri, mara nyingi kinaanza na fulana, kinaendelea na picha, kisha kinaishia hapo. Vidokezo hivi ni vya wale wanaotaka jasho lao lilete faida: mtu mmoja zaidi aende kupimwa, na aende mapema.

1. Chagua kanseri moja, uijue vizuri

Kanseri ni magonjwa mengi yenye jina moja. Ukitaka kuyaeleza yote kwa siku moja, hakuna atakayeshika kitu. Kwa mbio zenu chagueni moja. Mkikosa pa kuanzia, anzeni na kanseri ya shingo ya kizazi, kwa sababu ndiyo inayotuaibisha zaidi: inazuilika, na bado inaua. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na karibu 350,000 walikufa. Karibu kwa wote chanzo cha ugonjwa ni kirusi kiitwacho HPV, ambacho hupatikana kwa kujamiiana.

Ugonjwa huu hauna haraka. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, huchukua miaka 15 hadi 20 kutoka kwenye maambukizi mpaka kanseri yenyewe. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, unaweza kuja katika miaka 5 hadi 10. Miaka yote hiyo ni nafasi ya kuukamata. Hilo peke yake linatosha kuwa ujumbe wa mbio zenu.

2. Kabla ya kuwaambia wengine, pimwa wewe

Watu wa Bukavu wanajua kuuliza. Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Na weye, uliishaka kupimwa?" Ukibabaika, kazi imeharibika.

Kwa kina mama na dada, kipimo rahisi cha shingo ya kizazi ni kile cha siki. Unalala kitandani, muuguzi anatumia kifaa kufungua njia, anapaka shingo ya kizazi siki iliyopunguzwa makali kwa pamba, anangoja dakika moja hivi, kisha anaangalia kwa taa. Sehemu ikigeuka nyeupe, anajua hapo pana jambo la kufuatilia. Hakuna kisu wala dawa ya usingizi. Shirika la Afya Duniani linawalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 49, na wenye VVU waanze wakiwa na miaka 25. Siku hizi kuna pia kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, na hicho ndicho shirika hilo linachokipendekeza kwanza pale kinapopatikana. Uliza kituo chako cha afya wana kipi na ni bei gani, ili ukienda kwa watu uwe na jibu kamili.

3. Jenga miguu polepole, kwani mlima hauna huruma

Anayeanza kutoka sifuri ajipe miezi miwili au zaidi kwa mbio za kilomita 5. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na katikati pawe na siku ya kupumzika. Wiki za kwanza tembea haraka dakika mbili, kimbia dakika moja, rudia. Polepole punguza kutembea, ongeza kukimbia. Kipimo cha mwendo mzuri ni mdomo wako: ukiweza kuongea na mwenzako huku mnakimbia, mwendo unakufaa.

Kwenye mpando fupisha hatua na usimwangalie jirani anavyokupita. Kwenye mteremko ndiko magoti yanakoumia, kwa hiyo jizuie. Anayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata kuliko kawaida asimame na amwone daktari. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone hata kabla ya kuanza. Viatu vya mitumba si dhambi, mradi soli haijaisha na vidole vina nafasi.

4. Usiuze mbio kama dawa

Kutembea na kukimbia kunapunguza hatari ya kanseri kadhaa, zikiwamo za utumbo mpana na titi. Mtu mzima anashauriwa kupata walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Lakini kupunguza hatari si kuiondoa. Grete Waitz wa Norway alishinda marathoni ya New York mara 9 kati ya mwaka 1978 na 1988. Hakuna mwanamke wala mwanaume aliyewahi kuifikia hesabu hiyo katika mbio zile. Mwaka 2011 alifariki kwa kanseri, akiwa na miaka 57.

Kwa hiyo usiseme "kimbieni msiugue". Anayeumwa atasikia kama unamlaumu kwamba aliugua kwa uvivu. Sema hivi: fanya mazoezi, acha tumbaku, punguza pombe, chanja watoto, pimwa. Hata mwanariadha ana haja ya daktari.

5. Beba dalili chache kichwani, si kitabu kizima

Kila mkimbiaji awe na dalili anazoweza kuzitaja bila kusoma:

- Damu ukeni baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa.
- Uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, ngozi ya titi iliyobonyea kama ganda la chungwa.
- Chakula kinachokwama kooni, kwanza kigumu, kisha hata uji.
- Damu kwenye choo kikubwa au kwenye mkojo.
- Kidonda kisichopona, au alama ya ngozi inayobadilika.
- Kupungua mwili bila sababu.

Kwa watoto ongeza mbili. Uvimbe wa taya unaokua haraka unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda. Huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, na dawa zake zinaponya wengi wakiwahi. Ya pili ni weupe unaong'aa ndani ya mboni ya jicho, hasa kwenye picha. Mtoto huyo apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo.

Dalili hizi hazina maana kwamba mtu tayari ana kanseri. Maana yake ni kwamba asikae nyumbani akingoja zipite.

6. Fuata watu waliko, kwa adabu yao

Mazoezi yenu yapitie Nyawera, Kadutu, Essence na Panzi, na mkimaliza msikimbilie nyumbani. Nunueni kitu sokoni, mpumzike hapo, muongee. Fulana yenyewe italeta maswali. Maongezi yanaweza kwenda hivi:

— Jambo mama. Sambaza ni bei gani leo?

— Jambo sana, mutoto yangu. Ile fulana ni ya kanisa gani?

— Hapana ya kanisa, mama. Tunakimbia juu ya kanseri ya kizazi. Mama uliishaka kupimwa?

— Miye? Miye siko mugonjwa.

— Njo vile, mama. Tunapimaka mbele ya kugonjwa, hapana nyuma.

Hapo umemaliza mahubiri. Mpe jina la kituo cha afya kilicho karibu naye na siku wanayopima, kisha ulipe sambaza zako. Mambo ya uzazi na matiti yaongelewe na mwanamke kwa mwanamke. Kijana wa kiume asimsimamie mama wa makamo akimhoji mbele ya wateja. Wanaobeba mizigo mgongoni wasisimamishwe njiani, wangojewe watue.

7. Jiandae kwa neno "karuho"

Mjini kwetu mtu akianza kukonda, tumbo likivimba na macho yakiwa ya manjano, mara nyingi familia inasema amekula karuho, yaani amepewa sumu. Basi inaanza safari ya kwa mtaalamu wa mitishamba, na wakati huohuo jirani au mke mwenza anatazamwa kwa jicho baya. Lakini dalili hizo ndizo pia za ini lililoharibika, ikiwamo kanseri ya ini, ambayo chanzo chake kikubwa katika Afrika ni homa ya ini aina ya B.

Usiingie kwenye ubishi wa kama karuho ipo au haipo, hutashinda. Omba jambo moja tu: hata wakienda kwingine, wapitie kwanza hospitali kwa kipimo cha damu na picha ya tumbo. Kwa wazima ujumbe uwe mfupi: homa ya ini B ina kipimo na ina chanjo. Wachungaji na mapadri nao waombwe msaada. Mchungaji akitamka madhabahuni kwamba maombi na daktari havigombani, amefanya kazi kuliko mabango yenu yote.

8. Wanaume na wasichana wadogo wasiachwe pembeni

Rangi ya waridi ya Oktoba imewafanya wanaume wengi wadhani kanseri ni mambo ya kina mama. Waambieni kwamba kati ya wagonjwa 100 wa kanseri ya titi, karibu mmoja ni mwanaume. Waambieni habari za tezi dume: anayeamka usiku mara nyingi, mkojo ukatoka kwa shida, asiseme tu ni uzee. Pengine si kanseri, lakini daktari ndiye wa kusema.

Kwa wasichana, kinga kubwa ni chanjo ya HPV, na umri unaolengwa kwanza ni miaka 9 hadi 14, kabla hawajaanza kujamiiana. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda iliianza kwa nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Mzazi wa Bukavu ana haki ya kuuliza katika kituo chake: je, mtoto wangu ataipata wapi, na lini?

Na kama kikundi chenu kina mwenzetu mwenye ualbino, pangeni mazoezi ya alfajiri, avae kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua. Hapa tuko karibu na ikweta, tena juu mlimani. Mionzi ya jua ni mikali hata siku ya mawingu, na kwa ngozi yake kanseri ya ngozi ni hatari ya kila siku.

9. Fedha ziwe na daftari, na lengo lionekane

Watu wetu wanatoa. Likelemba inajulikana, na kwenye matanga hakuna anayekosa mchango. Wanachochukia ni fedha kupotea. Kwa hiyo tajeni kabla ya mbio kitu kinachoweza kushikwa: vipimo vya kina mama kadhaa, gharama ya maabara kwa wagonjwa fulani, au nauli ya wanaopelekwa kutibiwa mbali. Watu watatu wasimamie mfuko, akaunti ya simu iwe moja, na hesabu isomwe hadharani wiki moja baada ya mbio.

Mfano mzuri uko Uganda. Mbio za kanseri za Rotary zilianza Kampala mwaka 2012 zikiwa na lengo la kujenga wodi ya kanseri katika Hospitali ya Nsambya. Wodi ilijengwa, kisha wakaelekea kwenye jengo la mashine za mionzi. Haja hiyo waliiona kwa macho: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya nchi hiyo, iliyokuwa Mulago, iliharibika, na mpya ikapatikana miaka miwili hivi baadaye. Tanzania nako, mbio za benki ya NBC za Dodoma huchangia uchunguzi wa kanseri ya shingo ya kizazi kupitia Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Hizo ni mbio kubwa zenye benki nyuma yake. Ninyi anzeni na kiasi mnachoweza kukitolea hesabu.

10. Ruhusa kwanza, halafu njia

Tangu Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mjini, mkusanyiko wowote usioeleweka unazua maswali. Hata kabla ya hapo, kundi kubwa linalokimbia na kuimba lilihitaji kujulikana. Mjulishe nyumbakumi, chefu wa avenyi na wa mtaa; pata barua ya mamlaka husika; weka nakala mfukoni. Mbio za kanseri zisibebe wimbo wa siasa wala bendera ya upande wowote. Mazoezi yafanyike kukiwa na mwanga, kwa kundi, na kila mtu ahesabiwe mwanzo na mwisho. Siku ambayo mji hauko sawa, fanyeni mazoezi ya kuruka kamba uani.

Kuhusu njia, chagueni yenye motari wachache na mkimbie mkiyaangalia magari yanayokuja. Mvua zetu ni kuanzia Septemba hadi Mei, na mteremko wa udongo ukilowa unateleza vibaya. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu lakini ina vumbi. Mkipanga mbio zenu Julai, kumbukeni maji na vitambaa vya pua. Mkipanga Januari au Oktoba, miezi ya kuhamasisha juu ya kanseri ya shingo ya kizazi na ya titi, muwe na siku ya akiba mvua ikigoma kukatika.

11. Meza ya mwisho isipinge ujumbe

Ni aibu kukimbia kwa ajili ya kanseri kisha kufungua kreti ya bia kwenye mstari wa mwisho. Pombe inasababisha aina 7 za kanseri au zaidi, ikiwamo ya koo, ya ini na ya titi. Kasiksi na lutuku nazo ni pombe, hata kama zimetengenezwa na bibi. Andaeni maji, ndizi, machungwa, chai isiyounguza mdomo.

Kwa chakula cha mazoezi huna haja ya vitu vya ndege. Bugali, maharagwe, sombe, lengalenga na sambaza vinampa mkimbiaji nguvu na misuli. Angalia tu ghala: mahindi, karanga na unga wa muhogo vilivyopata unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo ni chanzo kingine cha kanseri ya ini. Kupika hakuiondoi yote. Karanga chungu au zenye rangi ya ajabu zitupwe, wala kuku wasipewe.

12. Waliougua watangulie, lakini kwa ridhaa yao

Duniani mbio za namna hii zina deni kwa kijana mmoja wa Canada. Terry Fox alikatwa mguu wa kulia kwa kanseri ya mfupa. Mwezi Aprili 1980 akaanza kuivuka nchi yake kwa mguu mmoja wa bandia, akichangisha fedha za utafiti. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka kanseri ilipomrudia mapafuni. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22, na mbio zenye jina lake bado zinafanyika kila mwaka. Watu walimsikiliza kwa sababu alisema mwenyewe habari zake.

Hapa Bukavu wapo mama waliotibiwa wakapona, na wanaweza kutembea mita mia mbele ya wakimbiaji. Waombeni. Akikubali, mpeni nafasi aongee kwa lugha yake, Kiswahili au Mashi, bila karatasi. Akikataa, msirudie kumwomba. Msipige picha ya mgonjwa kitandani, msiandike jina lake kwenye bango, msiseme ugonjwa wake redioni. Wengine hata waume zao hawajaambiwa.

Na baada ya mbio?

Zungumzeni mapema na hospitali au kituo cha afya, iwe Panzi, Hospitali Kuu ya Mkoa au kile cha mtaani kwenu, ili siku ya mbio wauguzi wawe mwishoni na daftari la kuandikisha wanaotaka kupimwa, kila mmoja na tarehe yake. Wiki inayofuata wapigieni simu. Atakayesema anaogopa, msindikizeni. Atakayekutwa na tatizo, ndiye wa kwanza kusaidiwa na mfuko wenu.

Baada ya mwezi mmoja kaeni mhesabu. Msianze na idadi ya fulana wala ya picha. Hesabuni waliopimwa. Wakiwa kumi, mmefanya kazi. Wakiwa hakuna, mlifanya futingi tu, na futingi Bukavu ilikuwepo kabla yenu. Wewe unayesoma, wiki hii kabla ya kutafuta viatu, uliza kituo chako cha afya wanapima siku gani.